Jinsi ya kumuunda kiongozi wa serikali katika Marekani yenye mfalme

Kabla hujamvika mtu taji, jiulize nani atamrithi. Swali hilo moja huziua hadithi nyingi za Marekani ya kifalme kabla hazijafika sura ya tatu, na taji likishakosa mrithi, hata waziri uliyemuunda kwa uangalifu hana pa kusimama.

Chukua mlango unaopendwa kuliko yote: George Washington awe mfalme. Msingi wake upo. Mei 1782 Kanali Lewis Nicola alimwandikia akigusia wazo la ufalme, na tarehe 22 ya mwezi huohuo Washington akamjibu kwa ukali kutoka Newburgh. Mwandishi anaweza kuligeuza jibu hilo. Lakini Washington hakuwa na mtoto wa kumzaa, na alipofariki tarehe 14 Desemba 1799, Charles, mdogo wake wa mwisho aliyekuwa bado hai, alikuwa ametangulia kaburini miezi mitatu kabla. Ukifuata ukoo wa baba kuanzia wakubwa, taji linaangukia uzao wa Augustine, kaka yake wa baba mmoja. Ukiwahesabu ndugu wa tumbo moja tu, linakwenda kwa uzao wa Samuel. Hapo una wadai wawili na sheria haipo, kwa hiyo kitabu chako kitakuwa cha vita vya urithi. Si vibaya, ila kiongozi wa serikali atakuwa mtu wa pembeni.

Mlango wa pili ni Henry wa Prussia, ndugu wa Frederick II, ambaye mwaka 1786 baadhi ya wakubwa wa Marekani waliwaza kumwalika. Naye hakuwa na mtoto. Mlango wa tatu hauna mvuto wa haraka, lakini ndio wenye mizizi: George III wa Uingereza abaki mfalme wa makoloni. Alikuwa na watoto 15. Tatizo la mrithi limekwisha, na sasa unaweza kushughulika na mtu anayeongoza nchi kwa jina la mfalme aliye ng'ambo ya bahari.

Njia panda: Philadelphia, Septemba 1774

Historia mbadala inahitaji tarehe ambayo jambo dogo linageuka. Tunapendekeza tarehe 28 Septemba 1774. Siku hiyo Joseph Galloway, Spika wa Bunge la Pennsylvania, alipeleka mbele ya Kongresi ya Kwanza ya Makoloni mpango wa muungano. Makoloni yangekuwa na Baraza Kuu moja, wajumbe wakichaguliwa na mabunge ya makoloni kwa miaka mitatu. Juu yake angekaa Rais Mkuu aliyeteuliwa na mfalme, mwenye kushika nafasi hiyo kwa muda wote mfalme atakaporidhika naye. Sheria ya Baraza isingekuwa sheria bila saini yake. Mambo yanayogusa Uingereza na makoloni kwa pamoja yangehitaji kupitishwa na Baraza Kuu na Bunge la London, yote mawili.

Mpango uliwekwa kando kwa kura ya makoloni 6 dhidi ya 5, kisha ukaondolewa kwenye kumbukumbu za kikao. Koloni moja tu ingegeuka, mambo yangekuwa mengine. Usimgeuze mtu kwa hotuba nzuri; wasomaji hawaamini hotuba. Mcheleweshe mpanda farasi. Katikati ya Septemba Paul Revere alifika kutoka Boston na maazimio makali ya wilaya ya Suffolk ya kuzipinga sheria za London, na tarehe 17 Kongresi ikayaunga mkono, hewa ya ukumbini ikachafuka. Farasi akichechemea njiani, Revere akafika wiki mbili baadaye, Galloway anasimama mbele ya watu waliotulia.

Upande wa London nao unataka kazi, ila si kazi kubwa kama unavyodhani. Februari 1775 Lord North mwenyewe, aliyeongoza serikali ya Uingereza, alipitisha azimio la kutafuta suluhu kuhusu kodi. Mwaka 1778, wakiwa wameshachelewa, Bunge la Uingereza liliachia haki ya kuyatoza makoloni kodi, isipokuwa ushuru wa kuongoza biashara, na mapato ya ushuru huo yatumike katika koloni lenyewe. Chukua sheria ile ya 1778 uivute nyuma miaka mitatu.

Usimwite waziri mkuu

Kosa la kwanza la waandishi wapya ni kumpa kiongozi wao cheo cha waziri mkuu mnamo 1780. Wakati huo hata Uingereza neno hilo halikuwa cheo rasmi. Lilitamkwa zaidi kama lawama, la mtu anayejikweza mbele ya mawaziri wenzake. Lilikuja kuandikwa rasmi katika mpangilio wa itifaki mwaka 1905.

Mpango wa Galloway wenyewe unakupa cheo: Baraza Kuu lilipewa haki ya kumchagua Spika wake. Kiongozi wako aanzie hapo. Rais Mkuu ni mtu wa mfalme, Spika ni mtu wa wajumbe, na mvutano wa hao wawili ndio hadithi yako. Anayekumbuka Tanganyika kati ya Desemba 1961 na Desemba 1962 hatapata taabu kuuelewa: malkia yuko London, Gavana Mkuu Sir Richard Turnbull anatia saini, na nchi inaongozwa na Nyerere, kisha Kawawa. Tofauti ni kwamba Tanganyika ilikuta kanuni zimeshatengenezwa. Spika wako inabidi azitengeneze mwenyewe, moja moja, na kila moja ataipata kwa kuinyima serikali kitu.

Nani awe Spika? Chagua mtu aliyekuwa hai Septemba 1774. Aliyezaliwa miaka kadhaa baadaye hawezi kutokea vilevile, kwa sababu wazazi wake wangeishi maisha mengine. Hivyo Lincoln, aliyezaliwa 1809, haingii. Sisi tungemchukua John Jay wa New York. Aliunga mkono mpango wa Galloway ukumbini humohumo, alikuwa na umri wa miaka 28, mwanasheria, mtu wa mikataba. Alimiliki watumwa, na bado mwaka 1785 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha New York cha kuwakomboa watumwa. Mgongano huo ndani ya mtu mmoja ni mali kwa mwandishi.

Hesabu ya kura, hapa usiharakishe

Kiongozi asiye na idadi ya kura ni picha ya ukutani. Tengeneza daftari la viti kabla hujaandika mazungumzo yoyote. Idadi ichukue kwenye mpango wa Albany wa 1754, mpango wa awali wa kuyaunganisha makoloni alioutunga Benjamin Franklin, maana ule uligawa viti koloni kwa koloni: Massachusetts 7, Virginia 7, Pennsylvania 6, Connecticut 5, New York, Maryland, North Carolina na South Carolina 4 kila moja, New Jersey 3, New Hampshire na Rhode Island 2 kila moja. Jumla 48. Georgia na Delaware hazikuwemo. Wape kiwango cha chini cha mpango ule, yaani viti 2 kila moja, upate 52.

Sasa vipange kwa kanda. New England, yaani Massachusetts, Connecticut, New Hampshire na Rhode Island, ina 16. Kusini, kuanzia Maryland hadi Georgia, ina 21. Katikati, yaani New York, New Jersey, Pennsylvania na Delaware, ina 15. Wingi ni 27. New England peke yake haifiki, Kusini peke yake haifiki, na Katikati ikijiunga na yeyote kati yao, wamefika. Ndiyo maana kiongozi wako atoke New York au Pennsylvania. Ukimtoa Virginia kwa sababu tu Virginia ina majina makubwa, utalazimika kueleza kila mara Katikati inamfuata kwa faida gani.

Kuna mtego hapa ambao waandishi wazoefu pia huingia. Baraza lilipewa haki na desturi za Bunge la London, na kule Spika hapigi kura ila kura zikifungana. Hivyo Jay akikaa kitini, kambi yake inapungua mtu mmoja. Wapiga kura wanabaki 51, wingi unakuwa 26. New England na Katikati kwa pamoja ni 30 dhidi ya 21. Wanne wakihama, mswada unapita 26 kwa 25. Akihama wa tano, umeanguka 25 kwa 26. Andika majina ya hao watano kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kwa sababu riwaya nzima itawazunguka: wanataka nini, wana madeni kwa nani, nani kati yao ni mgonjwa siku ya kura.

Akidi nayo ni silaha. Albany iliweka wajumbe 25 kati ya 48, na lazima watoke katika makoloni yaliyo zaidi ya nusu. Kwa viti 52 weka 27. Wajumbe 26 wakibaki nyumba za wageni asubuhi ya kikao, hakuna kikao. Wapinzani wa Jay hawana haja ya kushinda kura. Wana haja ya barabara mbovu na udhuru wa kutosha.

Mshahara wa Rais Mkuu

Andika sentensi moja na uibandike juu ya meza: nani analipa mshahara wa Rais Mkuu? Jibu likiwa ni hazina ya mfalme, Spika wako ni mwombaji. Likiwa ni Baraza Kuu, tena kwa kura ya kila mwaka, Spika ana kamba mkononi. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1772 Massachusetts iliwaka moto kwa sababu mshahara wa gavana ulianza kutoka kwenye ushuru wa mfalme badala ya kura ya bunge la koloni. Walijua kabisa kwamba mkono unaolisha ndio unaoamuru.

Jay asidai mengi kwa mpigo. Mwaka wa kwanza apitishe matumizi ya miezi 12 tu, bila kelele. Mwaka wa pili achelewe kupitisha wiki tatu. Mwaka wa tatu aseme fedha zitatoka Rais Mkuu atakapochagua washauri wake kutoka kwa wajumbe wenye imani ya Baraza. Hapo serikali ya kuwajibika imezaliwa, ingawa hakuna aliyeandika katiba.

Muda wake uwe na akili. Canada ilipata mabunge ya Upper na Lower Canada kwa sheria ya 1791, na serikali inayowajibika kwa wabunge ikaja 1848, miaka 57 baadaye. Mtihani wake wa kweli ulikuwa Aprili 1849, Gavana Mkuu Lord Elgin alipotia saini mswada wa fidia ya hasara za uasi, uliopitishwa na wenye wingi bungeni. Umati ukalichoma moto jengo la bunge Montreal. Makoloni 13 yalikuwa na watu wapatao milioni 2.5 mwaka 1775, wazoefu wa mabunge kwa zaidi ya karne, kwa hiyo miaka 20 hadi 30 inaaminika. Miaka mitano haiaminiki.

Kalenda ya bahari

Barua ya meli kutoka New York hadi Uingereza huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 5. Kurudi ni wiki 6 hadi 8, kwa kuwa pepo za magharibi zinakupinga. Ongeza mwezi mmoja wa mawaziri kusoma, kuulizana na kuandika. Spika akiuliza tarehe 1 Machi, jibu analipata mwezi Juni, na Baraza linalokutana mara moja kwa mwaka huenda limeshatawanyika.

Hivyo kiongozi wako hufanya kwanza, hueleza baadaye. Mwandishi akisahau hili, mfalme anaanza kutoa amri za papo kwa papo na uongozi wa Jay unayeyuka. Mwaka 1838 meli ya mvuke Great Western ilivuka kutoka Bristol hadi New York kwa siku 15. Mwaka 1866 waya wa telegrafu wa kudumu ulifika. Kila hatua inampunguzia kiongozi wa Marekani uhuru ule wa kuchelewa kupata jibu, hadi idadi ya watu inapomrudishia: katika historia halisi, Marekani iliipita Uingereza pamoja na Ireland kwa wingi wa watu kati ya 1851 na 1861.

Mpango wa Galloway una mwanya mmoja mkubwa, na Jay lazima auone. Wakati wa vita, miswada ya kumpa mfalme misaada ingekuwa sheria kwa saini ya Rais Mkuu, bila kungoja Bunge la London. Vita ndivyo vinavyompa Spika mamlaka. Ila usikimbilie kuandika vita vya 1793 kati ya Uingereza na Ufaransa kama vilivyotokea. Ufaransa ilitumia zaidi ya livre bilioni 1 kuisaidia Marekani dhidi ya Uingereza, na deni hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyouangusha ufalme wake. Vita vya uhuru visipokuwepo, mzigo huo haupo. Amua mapema kama mapinduzi ya Paris yanachelewa, na kwa miaka mingapi, kisha usibadili.

Utumwa

Hapa ndipo Marekani ya kifalme hupimwa, na ndipo hadithi nyingi hukwepa. Jay akikaa kitini miaka ya 1790, kielelezo chake kipo: sheria ya New York ya 1799, aliyoitia saini yeye mwenyewe akiwa gavana. Watoto waliozaliwa baada ya tarehe 4 Julai 1799 walihesabiwa huru, lakini wafanye kazi kwa bwana wa mama yao, wanaume hadi miaka 28, wanawake hadi 25. Akiipeleka sheria kama hiyo Baraza Kuu, rudi kwenye wale watano. Delaware ina viti 2 na ina watumwa. New Jersey katika historia halisi ilikubali mwaka 1804 tu. Mswada unaweza kufa bila Kusini kutamka neno.

Usipopita, subiri 1833. Bunge la London lilifuta utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza na kutenga pauni milioni 20 za fidia kwa wenye watumwa, si kwa watumwa, kwa ajili ya watumwa wapatao 800,000. Ni pauni 25 kwa kila mtumwa. Marekani ya 1830 ilikuwa na watumwa zaidi kidogo ya milioni 2. Kwa kiwango hicho, fidia ni pauni milioni 50 nyingine, takriban mapato yote ya mwaka ya serikali ya Uingereza wakati ule. Kwa hiyo London haiwezi kulipa, na Kusini haitakubali bila kulipwa. Spika wako anasimama katikati.

Akifuta bila fidia, mtazame Pedro II wa Brazil, mfalme wa kweli wa bara hilohilo la Amerika. Tarehe 13 Mei 1888 Princess Isabel, akishika nafasi ya baba yake, alitia saini sheria ya kufuta utumwa bila fidia. Wenye mashamba makubwa wakauacha ufalme peke yake, na tarehe 15 Novemba 1889, miezi 18 baadaye, ukaangushwa. Hii haina maana kwamba sheria ile ilikosea. Ina maana kiongozi wako ajue gharama yake kabla ya kuweka saini, kisha aiweke.

Na watumwa wenyewe wasibaki tarakimu. Agosti 1831 Nat Turner aliongoza uasi Virginia, na miezi michache baadaye bunge la Virginia likajadili kwa uwazi kama utumwa uendelee. Desemba mwaka huohuo Sam Sharpe aliongoza mgomo mkubwa Jamaica, ukageuka uasi ulioharakisha sheria ya London. Chini ya taji moja, habari za Jamaica zinafika Charleston, South Carolina, kama habari za nyumbani. Tumia hilo.

Mfalme akipoteza akili

Mwishoni mwa 1788 George III aliugua, akashindwa kutawala hadi mapema 1789. London ilibishana nani awe mlezi wa ufalme na kwa masharti gani. Bunge la Ireland halikungoja: Februari 1789 lilimwalika mwana wa mfalme achukue mamlaka upande wake. Mfalme akapona, jambo likafa. Baraza Kuu la Amerika lingeweza kufanya kama Ireland, na habari za kupona zingewakuta wiki nyingi baadaye, wakiwa wameshaapisha. Ukitaka tukio moja linalomfanya Spika kuwa kiongozi wa taifa, hatujaona lililo bora kuliko hili. Mfalme aliugua tena moja kwa moja 1810, kwa hiyo ukikosa mara ya kwanza una ya pili.

Kagua hadi pwani yetu

Daftari likikamilika, pima athari mbali na Philadelphia. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akaanza kazi ya ubalozi mdogo Zanzibar. Katika dunia ya Jay mkataba huo haupo, kwa sababu Salem ni bandari ya mfalme wa Uingereza. Wafanyabiashara walewale wanakuja kununua pembe na sandarusi chini ya bendera ya Uingereza, na Sayyid Said anakosa taifa la pili la kulipima na Uingereza. Hata kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani kinahitaji uamuzi wako: makoloni yakiwa bado yamefungwa na sheria za biashara za London, je, viwanda vya Massachusetts vinasimama, au nguo hiyo inatoka Manchester na watu wa pwani wanaiita jina jingine?